Uani kwangu msimwage zege pote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na watoto wetu wanaofanya kazi Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo, ambao wakipata fedha kidogo, jambo la kwanza wanalomfanyia mama ni kumsakafia ua. Wanafanya kwa mapenzi, nalijua hilo. Mwanangu naye mwezi Agosti mwaka huu alinitumia fundi na fedha za pevingi kwa mapenzi. Nikakataa sehemu ya zawadi yake, akaumia. Yeye nimeshamweleza sababu, lakini kila nikipita mitaa ya hapa Tanga naona nyua zinavyozibwa moja baada ya nyingine, na nimeona niwaeleze na wengine.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 63. Nakaa Ngamiani, nyumba ya vyumba sita, viwili vyangu na vinne vina wapangaji. Nyuma kuna ua wenye jiko la nje, choo, kamba za kuanikia, na kwenye kona ya mashariki kuna kipande cha udongo cha hatua nane kwa sita. Katika kona hiyo upo mdimu ambao mimi na marehemu mume wangu tuliupanda mwaka 1992, tulipohamia.

Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 5 Januari 2023. Kiharusi kilimkuta kibandani kwake alikokuwa akitengeneza redio, na hakufika Magharibi. Watu walikuja, Mungu awalipe. Matanga yalikaa siku tatu, khitma ikasomwa, masufuria ya watu yakarudishwa, na wanangu wakarudi makazini. Nikabaki na eda yangu, miezi minne na siku kumi.

Sitaki mtu asome barua hii akadhani nailalamikia eda. Eda ilinipa ruhusa ya kuwa mjane bila kujifanya nimepona. Hakuna aliyenitaka nitoke, nivae, nicheke. Nikiwatazama wanaume wanaofiwa na wake zao, wakirudi kazini siku ya nne wakiwa na macho mekundu, naona mimi nilipewa kitu ambacho wao hawakupewa. Lakini siku za eda ni ndefu, na mikono yangu ilikuwa imezoea kazi. Miaka thelathini na moja ilikuwa ikimpikia mtu, ikimfulia mtu, ikimshikia tochi akichomelea waya. Sasa ilikaa mapajani. Nilikuwa nikilala saa tano usiku, saa nane niko macho, nahesabu boriti. Chakula kilikuwa hakipiti. Nilipopelekwa kupima, presha ilikuwa 180 kwa 110. Nikapewa vidonge, na nikaambiwa nipunguze mawazo. Vidonge nilielezwa vinavyomezwa. Mawazo yanavyopunguzwa sikuelezwa.

Katika wiki ya tatu, asubuhi moja nimekaa kizingitini, niliutazama ule mdimu nikaona majani yamejikunja. Yalikuwa yamejiviringa kwa urefu kama mtu anavyokunja karatasi ya karanga, na chini yalikuwa yameanza kuanguka yangali mabichi. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma, jua kali, na mvua hatujaiona tangu vuli iishe. Nikajiuliza, mbona miaka yote kaskazi inavuma na mdimu haujawahi kufanya hivi?

Ndipo nikaliona jiwe.

Chini ya mdimu kuna jiwe bapa la matumbawe ambalo mume wangu alilileta mwenyewe kwa mkokoteni. Alikuwa akisimama juu yake kutawadha. Mara tano kwa siku, kopo moja la maji, na maji yote yalikuwa yakiteremka kwenye mizizi ya mdimu. Miaka yote ile mimi nilidhani mti unajiotea tu kwa baraka za Mungu. Kumbe ulikuwa unanyweshwa kila adhana, na aliyekuwa akiunywesha amekufa, na mti umejua kabla sijajua mimi.

Nililia siku ile kuliko siku ya mazishi. Kisha nikanyanyuka, nikachota maji kwa kopo lile lile, nikasimama juu ya jiwe lile, nikatawadha hapo.

Nikaendelea hivyo kila sala. Maji ya kuoshea mchele nayo nikawa simwagi tena kwenye mtaro. Nilichimba kidogo kuzunguka shina ili maji yatulie, nikapanga makumbi ya nazi mgongo juu kama alivyokuwa akifanya mama yangu kule Pangani, yashike unyevu. Baada ya siku kumi majani yalikunjuka. Baada ya wiki mbili nyingine niliona vichipukizi vyekundu vyekundu kwenye ncha za matawi, vyororo, ukivifikicha vinanukia ndimu. Nilivihesabu. Nilikuwa nimeshasahau hesabu ya siku za wiki, lakini vichipukizi nilivijua idadi.

Jirani yetu mmoja, bibi wa miaka themanini na ushee, alikuwa akija kunitazama kila Jumatatu. Wiki ile alipiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha hakukaa. Alikuwa na vitawi vitatu vya asumini amevifunga kwenye kitambaa kibichi cha khanga. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nimezika waume wawili na watoto wanne. Maneno ya kukupa sina. Shika hivi, uvioteshe."

Nikamwambia, "Bibi, mimi niko edani, asumini ya nini?"

Akasema, "Nimekwambia uvioteshe, sijakwambia uvivae."

Kwa wasiojua, mwanamke aliye edani hatii manukato wala hajipambi, na kwetu pwani asumini ni pambo la mwanamke, inatungwa vikuba, inawekwa nyweleni na kitandani. Kwa hiyo nilipata wasiwasi, na zaidi kwa kuwa shoga mmoja alinong'ona kwamba mjane hashiki jembe. Nikamtuma mtu akamuulize shehe wetu wa msikitini. Jibu lilirudi kwamba kazi ya ndani ya ua wa nyumba yangu haina ubaya, kinachokatazwa ni kujitia manukato na kujipamba. Shehe akaongeza kunikumbusha mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), kwamba Kiyama kikimkuta mtu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Na kwamba kila mti anaoupanda Muislamu, kikiliwa kitu chake na mtu au mnyama au ndege, ni sadaka yake. Nikanuia pale pale kwamba ndimu zote za mti ule, thawabu zake zimfikie mume wangu.

Kuotesha asumini nilikuwa sijui, ingawa nimezaliwa pwani. Bibi alinionyesha. Unachukua kitawi kisicho kichanga sana wala hakijakomaa kuwa mti, chenye vifundo vitatu au vinne. Majani ya chini unayatoa, ya juu unabakiza mawili. Unakata chini kidogo ya kifundo, kwa kisu kikali, kwa sababu mizizi inatokea pale kwenye kifundo. Udongo nusu mchanga, nusu samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka haina joto. Mimi nilitumia dumu la mafuta la lita tano, nimelikata kichwa na kulitoboa chini. Vifundo viwili vinaingia ardhini, dumu linawekwa kivulini, maji kidogo asubuhi. Halafu, akasema bibi, unaliacha.

Sikuliacha. Siku ya tisa nilichomoa kitawi kimoja kuangalia kama kimetoa mizizi. Hakikuwa na kitu, kwenye kifundo palikuwa na kiuvimbe cheupe tu kama punje ya chumvi. Nikakirudisha. Siku ya kumi na moja nikakichomoa tena, na cha pili yake nikakichomoa. Vyote viwili vikafa, vikawa vyeusi kuanzia chini. Kile cha tatu kilichopona ni kile ambacho sikukigusa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikifanya hivyo hivyo na moyo wangu. Kila asubuhi nikiamka, kabla ya kunawa, nauchomoa kuangalia, je, leo nimepona? Na kila asubuhi naukuta haujapona. Bibi alipojua nimeua viwili hakunigombeza. Aliniletea vingine viwili.

Wakati asumini inajikalia, nilisia mchicha. Mchicha nausifu kwa sababu moja, nao ni kwamba haumchoshi mtu aliyechoka. Mbegu ndogo kama vumbi, unazichanganya na mchanga, unamwaga, siku ya nne au ya tano ardhi imepata rangi ya kijani, na wiki ya nne unakula. Kwa mtu ambaye hawezi kufikiria mwezi ujao, wiki nne ni safari anayoiweza. Mchicha wa kwanza niliupika kwa nazi, na siku ile nilikula nikamaliza sahani. Binti yangu alipopiga simu jioni akaniuliza nimekula nini, nikamtajia, akanyamaza, nikasikia anajifuta kamasi.

Naomba nisimulie jambo jingine moja dogo, nalo ni la kiwavi.

Mwezi wa Machi, kabla mvua hazijakolea, niliona kwenye majani machanga ya mdimu kitu kama mavi ya ndege, cheusi chenye baka jeupe. Nikataka kukipangusa, kikasogea. Kilikuwa ni kiwavi. Viko vingi, vinapenda sana majani ya ndimu na machungwa. Siku chache baadaye akavua gozi lile akawa wa kijani, mnene kama kidole changu cha mwisho. Nilipomgusa alitoa kichwani pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali ikanipanda puani. Mdimu wangu ndio kwanza umefufuka na yeye anautafuna. Nilikuwa na kandambili mkononi. Lakini nilikuwa nimekwishamtazama siku sita, najua anapenda tawi gani na saa ngapi anatulia, na mkono ukakataa kushuka. Nikamwachia tawi lile moja, wengine nikawahamishia nje ya ua. Siku moja akajifunga kwa uzi kwenye kijiti, akageuka kama jani lililokunjamana, akakaa hivyo wiki mbili na zaidi. Nilimkuta asubuhi moja baada ya sala ya Alfajiri ametoka, kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano, mabawa yamelowa, anayafungua na kuyafunga polepole. Nilisimama pale mpaka jua likapanda. Niliporudi ndani ndipo nilipotambua kwamba kwa muda wa saa nzima sikuwa nimemfikiria marehemu, na kwamba sikuona vibaya.

Idd ilinikuta edani, mwezi wa Aprili. Wajukuu walikuja wakala biriani, nami nikawagawia majirani mafungu ya mchicha. Eda ilikwisha katikati ya Mei. Watu nikiwasimulia hupenda niwaambie kwamba asumini ilichanua siku ile ile nilipotoka edani. Haikuwa hivyo. Ilichanua Julai. Ilitoa vitumba vitatu, jioni vikafunguka, nikaviweka kwenye kisahani cha maji juu ya redio yake.

Mhariri, nisieleweke kwamba nasema jembe linatosha. Vidonge vya presha nameza mpaka leo, kila asubuhi, ingawa namba zimeshuka. Na mtu anayesikia sauti, au asiyeinuka kitandani wiki nzima, au anayetamka kwamba anataka kufa, huyo apelekwe hospitali upesi, asiambiwe akapalilie. Ninachosema ni kwamba udongo una nafasi yake kwenye matibabu, na waliosoma wanalijua hilo. Binti ya dada yangu ni muuguzi, na nilipomsimulia habari za mdimu alinieleza mambo mawili aliyofundishwa chuoni. La kwanza, mwaka 1984 mtafiti wa Marekani aitwaye Roger Ulrich alichapisha kumbukumbu za wagonjwa waliopasuliwa kuondolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolala karibu na dirisha linaloonyesha miti walirudi nyumbani mapema na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao waliokuwa wakitazama ukuta wa matofali. La pili ni la Uholanzi, mwaka 2011. Watu thelathini wenye vibustani walipewa kazi ya kuwachosha akili, kisha nusu wakakaa ndani kusoma na nusu wakalima kwa nusu saa. Wote walitulia, lakini homoni ya msongo iliyopimwa kwenye mate ilishuka zaidi kwa waliolima.

Na hatuna haja ya kwenda Uholanzi. Katika mkoa wetu huu huu, juu kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, ipo hospitali ya Lutindi. Wamisionari wa Kijerumani waliianzisha mwaka 1896 iwe makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye ikawa ya wagonjwa wa akili, na kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya matunzo yao. Nilipokuwa msichana, mtu akitajwa kwamba yuko Lutindi watu walishusha sauti. Leo nikiwaza kwamba wale tuliokuwa tukiwanong'ona walikuwa wakipewa udongo washike, naona walitunzwa vizuri kuliko wengi wetu tuliobaki mijini.

Sasa nije kwa mpangaji wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifanya nione kwamba jambo hili si la vikongwe kama mimi peke yao. Ni binti wa miaka ishirini na nne, mumewe ni baharia. Mwaka jana alijifungua mtoto ambaye hakulia. Aliporudi kutoka hospitali, wote waliokuja kumpa pole walimwambia neno moja, utapata mwingine. Nililisikia likitamkwa labda mara thelathini. Hakuna matanga ya mtoto kama huyo, hakuna eda. Siku ya pili yake watu walishamaliza. Binti akawa anajifungia, nguo za mtoto ziko kwenye beseni lile lile alilozipanga.

Sikumwambia kitu. Nilimwekea mlangoni madumu mawili yenye matembele, kwa kuwa matembele hayafi kwa urahisi. Wiki ya kwanza hakuyagusa, mimi ndiye niliyekuwa nikiyamwagia. Wiki ya pili nikaacha kumwagia makusudi, moyo ukinidunda, nikiona majani yanavyolegea. Siku ya tatu, saa sita mchana, nilisikia mlango wake unafunguka na maji yanamwagwa. Baada ya siku nyingi akanijia uani na jani mkononi, akaniuliza, "Mama, hivi vitundu vimefanywa na nini?" Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu atoke hospitali. Tukakaa kwenye jiwe, tukaligeuza jani, tukatafuta.

Sasa ana madumu kumi na moja. Habari za mtoto alinieleza mwenyewe, mikono yake ikiwa kwenye samadi, akiwa ameinama hanitazami. Nadhani asingeweza kunieleza tukiwa tumekaa sebuleni tunatazamana. Kazi ya bustani ina hiyo heshima, kwamba inampa mtu mahali pa kuweka macho.

Basi mwezi wa Agosti ndipo fundi alipofika na futi yake. Kijana mwenye adabu. Akapima, akaandika, kisha akaniambia, "Bi mkubwa, huu mdimu itabidi tuung'oe, mizizi itakuja kunyanyua pevingi. Na hili jiwe tutalivunja, litatusaidia kwenye kifusi."

Nikampigia simu mwanangu. Akasema, "Mama, mimi sitaki ukanyage tope. Ukiteleza je? Nani atakuokota?" Alikuwa anasema kweli, niliwahi kuteleza masika iliyopita. Nikamwambia sehemu ya kutoka mlangoni hadi jikoni na hadi chooni waweke, nitashukuru, lakini kona ya mashariki wasiiguse. Akaniuliza kwa nini nakataa kitu kizuri kwa ajili ya mti wa ndimu za shilingi mia. Hapo nikakaa kimya, kwa sababu nilijua hajui. Alikuwa na sisi siku tatu tu za matanga, akarudi kazini. Hakuna aliyemsimulia habari za maji ya udhu.

Alikuja Ijumaa ile. Nilimsimulia tumesimama hapo hapo. Alisikiliza mikono iko nyuma, kama baba yake. Kisha akaniuliza, "Alikuwa anaelekea wapi akisimama?" Nikamwonyesha. Jiwe limelika mahali pawili, pa mguu wa kulia pamelika zaidi. Mwanangu akavua viatu, akavua soksi, akapanda pale. Akatazama chini muda mrefu. Akaniomba kopo.

Jumamosi alichimba mashimo mawili ya mipapai, akapasua mkono kwa jembe kwa kutozoea. Hakuniambia lolote na mimi sikumwuliza. Pevingi zikawekwa mpaka hatua nne kabla ya mdimu, na fundi akanipa na wazo zuri, akaziinamisha kidogo ili maji ya mvua yasiende kwa jirani, yaje kwenye udongo.

Kwa hiyo wanangu, mkituma fedha za kusakafia, tumeni, miguu ya mama zenu ni mizito na tope linatelezesha. Lakini muulizeni kwanza kona ipi abakize, na akisema hakuna, mbakizieni hata hatua tatu, maana anaweza kufiwa baada ya zege kukauka. Wenye nyumba wenzangu, mpangaji akiweka dumu la matembele koridoni msimwambie anachafua. Waganga wakuu wa vituo vya afya na zahanati, ule uwanja mnaotaka kuuwekea vitofali mbele ya dirisha la wazazi na la wanaosubiri dawa, acheni tuta moja, na mgonjwa anayeweza kusimama apewe kopo. Na sisi wanawake tunaokwenda kuhani na furushi la mchele na sukari, tuchukue na kitawi. Usimpe siku ile ya kwanza, wala ya tatu. Mpe wiki ya tatu, watu wakishaondoka.

Vuli imeanza hapa Tanga na ardhi imelowa, ni wakati mzuri wa kukata. Ninavyo vitawi sita vya asumini kwenye madumu, vimeshika. Viwili nimemwekea mzee mmoja wa mtaa wa pili aliyemzika mkewe mwezi uliopita na ambaye ameshaonekana tena dukani kwake kana kwamba hakuna kilichotokea. Vinne havina mwenyewe, na wapangaji wangu wameambiwa kwamba atakayebisha hodi kuviulizia apitishwe moja kwa moja uani.

Jina langu naomba usilichapishe.

Mjane, mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga